Taa Iliyomkataa Shangazi

Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na habari za kuhifadhi maharagwe yasiliwe na wadudu. Naomba kunradhi. Ahadi ni deni, na deni hilo nitalilipa. Leo lakini nina kisa kilichonipata Kitui wakati wa sikukuu ya Krismasi iliyopita, nami nimeona si vyema kukikalia kimya, kwa maana najua kuna nyumba nyingi ambamo kisa hiki kinaendelea hivi sasa bila mtu kukitilia maanani.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, amepita umri wa miaka 75. Anaishi na mjukuu wake mmoja wa kiume, mwanafunzi wa gredi ya sita. Nguzo za stima zimefika ng'ambo ya korongo na kukomea hapo. Kwake kuna kidude kidogo cha sola juu ya paa, kinachotosha kuchaji simu na taa moja. Usiku Shangazi huamka mara mbili tatu kwenda msalani, na msala uko nje, hatua kama thelathini hivi kutoka mlangoni. Anayeijua Kitui wakati wa joto anajua kwamba nge hawana adabu. Huingia hata ndani ya viatu.

Kwa sababu hiyo, mke wa binamu yangu, anayefanya kazi Nairobi, alimnunulia mama mkwe wake taa nzuri ya LED ya kuweka mezani. Ni taa ya kuchaji, nyeupe, yenye shingo inayopindika. Haina swichi ya kubonyeza. Kwenye kitako chake pana alama ya duara, na ukiigusa duara hiyo kwa kidole taa huwaka kidogo. Ukiigusa tena huongeza nuru. Mara ya tatu huwaka kwa nguvu zote. Mara ya nne huzimika. Bibi huyu aliileta mwenyewe mwezi wa Agosti, akamwonyesha mkwewe namna ya kuitumia, akarudi Nairobi akiwa na furaha.

Nilipofika Desemba niliikuta ile taa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa kama maiti. Kando ya kitanda cha Shangazi palikuwa na kibatari cha mafuta ya taa, na kwenye chandarua palikuwa na tundu lililoungua, ukubwa wa kiganja.

Moyo ulinipasuka. Nikauliza, "Shangazi, kulikoni? Mbona unatumia kibatari hali una taa?"

Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, taa ile si yangu. Ile ni ya watu wenye vidole. Mimi naigusa, inanitazama tu. Mtoto akiigusa, inawaka. Hata taa haiamini kwamba mimi ni mtu."

Chuki iliyoanza na taa

Hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Shangazi alikuwa ameshaweka moyoni kwamba mke wa mwanawe alimletea kitu cha kumwaibisha. Alijaribu mara nyingi mbele ya majirani, taa ikakataa, majirani wakacheka. Akamwambia mwanawe kwa simu kwamba taa ni mbovu. Bibi naye huko Nairobi, aliposikia zawadi yake inaitwa mbovu, alijibu kwamba taa ilikuwa nzima siku alipoileta, na kwamba pengine mama hataki tu kujifunza mambo mapya. Neno hilo likamfikia mwenyewe. Tangu mwezi wa Oktoba mama na mkwe walikuwa hawajasemezana. Krismasi ilifika, na bibi hakuja.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ilikuwa ni yule mjukuu, ambaye alilazwa chumba kimoja na kibatari chini ya chandarua.

Nikaishusha taa, nikaifuta vumbi, nikaigusa. Ikawaka mara moja. Nikamwomba Shangazi ajaribu. Akaleta kidole chake cha shahada, akakiweka juu ya duara. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya. Akapiga-piga kwa ukucha. Kimya. Nikaona machozi yanamlengalenga, nikamshika ule mkono.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Shangazi amesuka vyondo tangu alipokuwa msichana. Amesokota mkonge juu ya paja na kuuvuta kwa vidole kwa zaidi ya miaka 50, na msimu wa mvua ameshika jembe. Ncha za vidole vyake ni ngumu kama ngozi ya kiatu, nazo ni kavu, zimepasuka-pasuka. Tena baridi yabisi imevikunja viungo vya vidole, hata akinyoosha kidole, kinachotangulia ni ukucha wala si nyama. Watoto wake walisomeshwa na vidole hivyo. Leo taa ya plastiki inavikataa!

Embe lawasha taa

Jambo lililotufumbua macho lilifanywa na mtoto. Yule mjukuu alikuwa anakula embe, mikono imejaa maji yake, na nilikuwa nimemkataza kuigusa taa kwa mikono michafu. Basi kwa utundu wake akalichukua embe jingine zima kwenye beseni, akaligusisha kwenye duara. Taa ikawaka!

Sote tukaangua kicheko isipokuwa Shangazi. Akasema, "Lo! Taa inalijua embe kuliko inavyonijua mimi!"

Nikamwambia, "Hebu Shangazi, lishike wewe hilo embe."

Akalikumbatia embe kwa kiganja kizima, akaliegemeza kwenye duara. Taa ikawaka. Akarudia. Ikaongeza nuru. Akarudia tena na tena mpaka ikazimika. Mjukuu akapiga makofi, "Susu amewasha! Susu amewasha!" Kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikamwona Shangazi akitabasamu, ijapokuwa aliona haya kidogo kwamba anawasha taa kwa tunda.

Je, msomaji, ilikuwaje kidole chake kishindwe na embe lililo mkononi mwake lifaulu? Nilipenda kulielewa jambo hili sawasawa, na nilichojifunza nitakueleza kwa lugha nyepesi.

Taa haipimi kubonyeza

Watu wengi hudhani kwamba taa ya namna hii hupima uzito wa kidole, au joto lake. Sivyo. Ndiyo maana kubonyeza kwa nguvu hakumsaidii mtu.

Chini ya ile alama ya duara, nyuma ya plastiki, kuna kibati chembamba cha madini, aghalabu cha shaba. Kibati hicho kimeunganishwa na chipu ndogo. Kazi ya chipu ni kukijaza kibati umeme kidogo mno, kisha kukimwaga, kisha kukijaza tena, mara nyingi sana katika kila sekunde, huku ikipima jinsi kinavyojaa.

Chukua mfano wa kikombe chini ya bomba. Umezoea kwamba kikombe hujaa baada ya muda fulani. Siku moja mtu akitoboa kikombe ubavuni na kuunganisha kikombe kingine kwa mrija, utaona maji yanachukua muda mrefu zaidi kujaa, nawe utajua, hata bila kutazama, kwamba kuna chombo kingine kimeongezwa. Mwili wa binadamu ndio kikombe cha pili. Umejaa maji yenye chumvi, na maji yenye chumvi hupitisha umeme. Kidole kikikaribia kibati, hata kama plastiki ipo katikati, mwili unakuwa chombo kilichoongezwa. Chipu inagundua kwamba kibati kinakawia kujaa, inasema, "Kuna mtu!" na taa inawaka.

Uwezo huo wa kubeba chaji hupimwa kwa kipimo kiitwacho faradi, kwa heshima ya Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1791 na kufariki mwaka 1867. Faradi moja ni kubwa mno kwa shughuli hizi. Wahandisi wanapojaribu vifaa vyao dhidi ya umeme wa mwili wa mtu, huuchukulia mwili mzima kuwa na pikofaradi 100 hivi, na pikofaradi moja ni sehemu moja ya faradi iliyogawanywa mara milioni, kisha kila sehemu ikagawanywa tena mara milioni. Kidole kinapogusa taa huongeza pikofaradi chache tu, au hata chini ya moja. Kwa hiyo chipu inasikiliza mnong'ono mdogo sana. Kitu kidogo chaweza kuuzima mnong'ono huo.

Sasa urudi kwa kidole cha Shangazi. Ngozi ngumu iliyokauka haipitishi umeme vizuri. Ni kama amevaa glavu asizoweza kuzivua. Ile nyama yenye maji iko mbali na kibati, na kila inapokuwa mbali mnong'ono unapungua. Isitoshe, kwa sababu kidole kimekunjika, sehemu inayogusa ni ncha ndogo tu, na ukucha wenyewe ni mkavu. Alichokisema kwa uchungu kilikuwa na ukweli ndani yake: taa kweli haikumwona.

Embe nalo? Limejaa maji na ganda lake ni jembamba. Shangazi alilishika kwa kiganja kizima, wala si kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo baina ya mwili wake na embe palikuwa na mlango mpana. Upande wa pili embe, kwa kuwa ni laini na la mviringo, likalala juu ya duara na kuifunika vizuri. Embe likawa daraja. Aliyewasha taa alikuwa Shangazi mwenyewe.

Nilimweleza hivyo, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe ni mimi."

Si jambo geni

Jambo la kuwasha kitu kwa mwili bila swichi si la jana. Yapata mwaka 1920, Mrusi mmoja aitwaye Leon Theremin alibuni ala ya muziki ambayo mpigaji haigusi kabisa. Husogeza mikono hewani karibu na vyuma viwili, na ala huimba. Nayo hutumia uwezo huu huu wa mwili kubeba chaji. Mwaka 1965 mhandisi wa Kiingereza, E. A. Johnson, aliandika juu ya kioo cha kugusa kinachotumia njia hiyo. Simu za kioo zilipoenea duniani, hasa baada ya mwaka 2007, njia hii ikaingia mifukoni mwa watu wote.

Na taabu ya vidole ikaingia pamoja nayo. Katika majira ya baridi ya mwaka 2010, magazeti yaliandika kwamba watu wa Korea Kusini walikuwa wakigusa simu zao kwa soseji, ili wasivue glavu kwenye baridi kali. Watu walicheka, lakini soseji na embe la Kitui ni ndugu: vyote viwili vina maji na chumvi, vyote viwili hushikwa na mkono wa mtu.

Jaribu nyumbani kwako

Kabla ya kutafuta suluhisho la kudumu, tulikaa mezani na mjukuu tukafanya majaribio. Nakupa matokeo, nawe ukiwa na taa ya namna hii waweza kuyahakikisha pamoja na watoto.

Kalamu ya plastiki haikuwasha taa. Kijiti kikavu hakikuwasha. Mkono uliovikwa soksi nene ya sufu haukuwasha. Kijiko cha chuma kilichoshikwa kwa mkono mtupu kiliwasha. Kijiko hicho hicho kilichofungwa kwenye kijiti kikavu hakikuwasha. Hapo mtoto alielewa mara moja kwamba si kijiko kinachowasha bali ni mtu aliye nyuma yake. Kiazi kitamu kibichi kiliwasha. Kitambaa kikavu kilikataa, lakini kilipoloweshwa maji na kukamuliwa kikawasha. Sarafu ya shilingi 20 iliyoshikwa ikilala bapa iliwasha. Iliposimamishwa kwa ukingo ilisitasita.

Upande wa mwili, kiwiko kiliwasha. Kifundo cha mkono kiliwasha. Pua iliwasha, na hapo mjukuu hakutaka kuacha. Kidole gumba cha mguu wangu kiliwasha, lakini kisigino changu, kwa ugumu wake, kilikataa kama kidole cha Shangazi. Nikamwonyesha, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe hata mtu wa mjini ana mahali ambapo taa haimwoni!

Kwa Shangazi mwenyewe, kidole kilicholoweshwa maji kiliwasha mara moja moja tu. Kijiko kiliwasha mara tatu kati ya tano, kwa sababu mgongo wa kijiko umebinuka na hugusa mahali padogo. Ngozi laini ya upande wa ndani wa kifundo cha mkono iliwasha kila mara. Ila duara lilikuwa kwenye kitako cha taa, chini ya shingo, na kwa viungo vyake kuupindua mkono humo gizani kulikuwa kazi.

Tulivyotengeneza

Basi tukaamua kulitoa duara nje na kulifikisha kitandani. Jambo lenyewe ni rahisi na halikuhitaji kufungua taa.

Tulikata kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, kikubwa kidogo kuliko duara. Tukakilaza bapa juu ya duara bila kuacha mikunjo, tukakishikiza ukingoni kwa selotepu. Kutoka kwenye kipande hicho tuliacha mkia mwembamba, nao tukauviringisha kwenye waya mwembamba wa shaba ambao mwisho wake tulikuwa tumeuvua plastiki. Hili ni muhimu: madini lazima yagusane na madini. Selotepu ikiingia katikati, kazi imeharibika. Mwisho wa pili wa waya tuliufunga kwenye kifuniko cha mkebe wa majani ya chai, tulichokisugua rangi yake mpaka chuma kikaonekana, na kingo zake tukazikunja zisimkate mtu. Kifuniko tukakipigilia kwenye kipande cha ubao mkavu kando ya kitanda, usawa wa kiwiko chake akiwa amelala.

Sitaficha kosa letu. Mara ya kwanza nilitumia waya mrefu, nikaupitisha juu ya kitanda cha chuma. Loo! Taa ikapata wazimu. Iliwaka yenyewe, ikazima yenyewe, ikakataa kuguswa. Sababu ni kwamba kitanda cha chuma, chenye watu wawili waliokaa juu yake, kilikuwa chombo kikubwa mno cha kujazwa. Chipu haikujua tena lipi ni la kawaida na lipi ni mguso. Tukaukata waya, ukabaki wa urefu wa shubiri mbili, tukausogeza mbali na kitanda, na meza ya taa tukaisogeza karibu. Ikatulia.

Tena kuna siri moja. Taa nyingi za namna hii hujipima zenyewe mara tu zinapopata umeme, na hali watakayoikuta wakati huo ndiyo wataihesabu kuwa ya kawaida. Kwa hiyo ukiisha kubandika alumini, ondoa mikono, chomoa taa kwenye chaja na kuichomeka tena, au kama ina swichi ndogo ya nyuma, izime na kuiwasha, kisha ngoja kidogo bila kuigusa. Ukiiwasha huku umeshika kifuniko, itadhani mkono wako ni sehemu yake.

Jioni ile, giza lilipoingia, Shangazi alilala kitandani, akanyoosha mkono, akakigusa kifuniko kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Taa ikawaka. Akazima. Akawasha. Nadhani alifanya hivyo mara kumi. Hakuna aliyemzuia.

Tahadhari

Sasa nakuomba unisikilize kwa makini, mama na baba. Haya niliyoyaeleza ni ya taa ndogo za kuchaji, zenye betri, zinazotumia volti tano kutoka kwenye chaja ya simu au sola. Zipo taa nyingine za kugusa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye stima ya ukutani ya volti 240. Hizo usizibandike waya wala usizifungue. Stima ya ukutani huua.

Hata ile ndogo, isipokuwa imezimwa na kuchomolewa kwenye chaja, usiiguse kwa mikono inayotiririka maji. Ukiona kwamba taa ikiwa kwenye chaja inakutekenya mkono au inawaka ovyo, chaja hiyo si nzuri. Ichomoe na utumie nyingine. Na alumini isivuke duara ikaingia kwenye tundu la chaji, isije ikaunganisha visivyostahili kuunganishwa.

Pia mjusi akipita juu ya kifuniko, au matone ya maji yakianguka, taa yaweza kuwaka usiku wa manane. Usimwite mganga.

Kabla hujanunua zawadi

Nimefikiri sana juu ya kisa hiki tangu nirudi. Wako wengi walio kama Shangazi. Fundi wa mawe, mchuna chai, dobi, mvuvi, na yeyote aliyefanya kazi ya mkono maisha yake yote. Yuko aliyeungua na kufungwa bendeji. Yuko aliyepatwa na kiharusi ambaye mkono wake hauendi unapotakiwa. Yuko aliyekatwa vidole na mashine. Hata mama kijana aliyebeba mtoto mchanga usiku, au anayekanda chapati kwa mikono miwili, hana kidole cha kuipa taa. Wote hawa wakiambiwa "gusa hapa tu, ni rahisi," hukaa kimya kwa aibu, kisha hurudi kwenye kibatari.

Kwa hiyo ukienda dukani kumnunulia mzazi taa, usijaribu kwa kidole chako laini cha ofisini. Jaribu kwa kisigino cha kiganja, kwa kifundo cha mkono, kwa kijiko. Bora zaidi, nenda naye mwenyewe. Na usione aibu kuchagua taa yenye swichi kubwa ya kubonyeza au ya kuvuta kamba. Swichi ya kubonyeza haiulizi mtu ngozi yake ikoje. Hata fimbo ya kutembelea huiwasha. Kipya si lazima kiwe bora kwa kila mtu.

Nawe mzee, zawadi ikikushinda, sema. Usiifunike kwa kitambaa. Anayekupenda hawezi kujua kwamba taa inakukataa ikiwa unamwambia tu kwamba ni mbovu.

Msomaji bila shaka atapenda kujua yaliyotokea baada ya hapo. Kesho yake asubuhi Shangazi aliniomba nimpigie mke wa mwanawe simu. Nilipiga, nikampa simu, nikatoka nje ili nisisikie mambo yasiyonihusu. Lakini Shangazi husema na simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto, kwa hiyo nilisikia.

Alisema, "Mwanangu, ile taa yako si mbovu. Ni vidole vyangu vilivyozeeka. Sasa inawaka."

Sikusikia jibu. Niliona tu kwamba alikaa kimya muda mrefu, simu sikioni, akifuta macho kwa upindo wa leso. Kisha akasema, "La, usilie. Njoo Pasaka. Nitakuonyesha jinsi ninavyoiwasha."

Kile kibatari mjukuu alikitumia kuwekea misumari. Chandarua tulikishona.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutarudi kwenye maharagwe yetu. Hadi hapo, nakutakia Jumapili njema wewe na wote walio nyumbani mwako.